Kitufe cha "Ingia kwa Google" Kikikataa Kwenye Tovuti ya Chama Chenu

Chama kikianza kukua, daftari la mweka hazina halitoshi tena. Michango inaingia kwa simu, jumbe za malipo zinanakiliwa moja moja, na kila mwisho wa mwezi hakosi mtu wa kuuliza mbona jina lake halina tiki. Ndiyo maana vyama vingi, na maduka madogo pia, vimejifungulia tovuti. Mnakodi seva ndogo, mnaweka programu ya bure kama WordPress, Moodle, Nextcloud au Discourse, na pale mlangoni mnaweka kitufe cha "Ingia kwa Google" ili mwanachama asiwe na nenosiri lingine la kusahau. Inafanya kazi vizuri, mpaka siku moja kitufe kinakataa.

Ujumbe unaotokea siku hiyo ni wa Kiingereza na unatisha: "Access blocked: This app's request is invalid." Kwenye kundi la WhatsApp mmoja anasema tovuti imedukuliwa, mwingine anauliza kama pesa ziko salama, na kabla ya jioni kuna anayepigiwa simu na mtu mwenye sauti nzuri anayejiita mhudumu, eti anasaidia kurudisha akaunti, asomewe tu ile namba iliyoingia kwa SMS. Ujumbe wenyewe kwa kawaida hauna neno. Mara nyingi ni herufi moja imekosewa kwenye mipangilio. Huyo wa simu ndiye wa kuogopa. Hapa tutaeleza hitilafu hizi zinatoka wapi, zinarekebishwa vipi, na ni njia zipi za mkato zinazomfungulia mwizi mlango huku mkidhani mmejisaidia.

Kama wewe ni mwanachama tu

Pesa zako za simu haziko kwenye tovuti ya chama. Tovuti ina rekodi: nani alilipa, lini, kiasi gani, na pengine namba yako ya simu na ya kitambulisho. Kitufe kikikataa, rekodi hizo zimefungwa kwa muda, basi. Hakuna anayehitaji PIN yako ili kuufungua mlango huo: si fundi wa chama, si Google, si sisi. Na namba ya siri iliyoingia kwa SMS bila wewe kuiomba, usimsomee mtu yeyote.

Kuna mambo mawili unayoweza kujaribu mwenyewe. La kwanza, kama ulifungua kiungo ukiwa ndani ya Facebook au programu nyingine ya simu, huenda ukaona "Error 403: disallowed_useragent". Google haikubali mtu aingie kupitia dirisha la brauza lililo ndani ya programu nyingine, kwa sababu programu hiyo inaweza kuchungulia unachoandika. Nakili kiungo, fungua Chrome, kibandike hapo. La pili, simu nyingi zina akaunti mbili tatu za Gmail: ya kazini, ya zamani, ya mtoto. Hakikisha umechagua ile uliyojiandikisha nayo chamani.

Ikikataa bado, piga picha ya skrini, mtumie msimamizi wa tovuti inboksi (si kwenye kundi), kisha endelea na shughuli zako. Mengine yote ni kazi ya msimamizi, na kuanzia hapa tunazungumza naye.

Kitufe kinafanya nini hasa

Msimamizi, utaratibu huu unaujua tayari, hata kama hujawahi kusoma mambo ya kompyuta. Fikiria mteja anapolipa dukani kwa kuletewa ombi la PIN kwenye simu. Duka linatuma ombi, simu ya mteja inafungua kidirisha, anaweka PIN hapo hapo kwenye simu yake, na duka linaletewa jibu: amelipa au hajalipa. Duka halijaiona PIN hata kidogo.

Kuingia kwa Google ni vivyo hivyo. Tovuti yenu inampeleka mwanachama kwa Google, na Google ndiyo inayouliza nenosiri. Ikiridhika, inamrudisha mwanachama kwenye tovuti akiwa amebeba msimbo. Tovuti inauchukua msimbo ule, inarudi kwa Google kimyakimya, seva kwa seva, inaonyesha siri ambayo wanaijua wao wawili tu, na inapewa jina na barua pepe ya aliyeingia. Utaratibu huu unaitwa OAuth 2.0 na ulichapishwa rasmi mwaka 2012. Mwaka 2014 ikaongezwa juu yake OpenID Connect, ambayo ndiyo inayoshughulika na kumtambulisha mtu. Facebook, Microsoft na wengine wanafuata njia iyo hiyo au inayokaribiana nayo.

Ule msimbo ni kama tokeni ya stima: ukishatumika mara moja, haukubaliki tena, na hautumiki kwenye mita ya jirani. Isitoshe, unakufa haraka. Waliouandika utaratibu walishauri usiishi zaidi ya dakika 10.

Sasa jiulize: ingekuwaje kama Google ingekubali kumrudisha mtu kwenye anwani yoyote itakayotajwa? Mwizi angetengeneza kiungo kinachofanana na chenu, akakirusha kwenye kundi, na misimbo ya wanachama ingemwendea yeye. Kwa hivyo Google inakutaka uandikishe mapema anwani ya kurudi. Ikiletewa anwani nyingine, hata iwe imezidi mkwaju mmoja tu, inagoma. Mgomo huo ni kufuli linalofanya kazi yake. Ukilielewa hivyo, utatafuta ufunguo sahihi badala ya kuvunja mlango.

Kwanza angalia imekufia wapi

Kabla hujagusa mpangilio wowote, tazama anwani iliyo juu ya brauza wakati hitilafu inaonekana. Kama bado ni accounts.google.com, safari imekatikia kwa Google, na shida iko kwenye ulichoandikisha kule au kwenye ombi ambalo tovuti yenu imepeleka. Kama umesharudi kwenye jina la tovuti yenu na ndipo hitilafu ikatokea, basi Google haina tatizo na mwanachama. Shida iko nyumbani kwenu, nayo huwa ni siri, kuki au saa ya seva.

Mafundi wengi huiruka hatua hii. Wanabadilisha vitu vitano kwa mpigo, na mwisho hata kilichokuwa sawa kimeharibika na hakuna anayekumbuka kilivyokuwa. Badilisha kitu kimoja, jaribu, andika ulichofanya. Na ujaribu kwenye dirisha fiche la brauza, huku dirisha la kawaida ambalo umeingia kama msimamizi likibaki wazi. Ukijifungia nje huku, kule bado uko ndani.

"Error 400: redirect_uri_mismatch"

Hii ndiyo mama yao wote. Maana yake: anwani ya kurudi iliyoletwa na tovuti yenu haifanani na yoyote uliyoandikisha kwa Google.

Tuseme tovuti yenu ni chamachenu.or.ke na mnatumia Discourse. Anwani sahihi ni hii:

https://chamachenu.or.ke/auth/google_oauth2/callback

Zote zinazofuata, kwa macho ya Google, ni anwani nyingine kabisa:

http://chamachenu.or.ke/auth/google_oauth2/callback
https://www.chamachenu.or.ke/auth/google_oauth2/callback
https://chamachenu.or.ke/auth/google_oauth2/callback/
https://chamachenu.or.ke/auth/Google_oauth2/callback

Ya kwanza imekosa "s". Ya pili ina "www". Ya tatu imeongezwa mkwaju mwishoni, na ya nne ina herufi kubwa. Ni kama kulipa kwa namba ya paybill ukakosea tarakimu moja: mfumo haukisii ulimaanisha nini, na hupaswi kutaka ukisie.

Kila programu ina njia yake baada ya jina la tovuti. Moodle inarudi kwenye /admin/oauth2callback.php, ambayo haifanani hata kidogo na ya Discourse. Kwenye WordPress inategemea plagini uliyoweka. Usibahatishe, na usinakili kutoka kwenye video ya mtu anayetumia programu tofauti na yako. Kwenye ukurasa wa hitilafu wa Google kuna sehemu ya kubofya ili kuona maelezo ya hitilafu. Ukiifungua utaona imeandikwa redirect_uri, na mbele yake anwani kamili ambayo tovuti yenu imeipeleka. Hiyo ndiyo anwani halisi inayotumika, hata kama mwongozo unasema vingine.

Ichukue, ilinganishe herufi kwa herufi na iliyo kwenye orodha ya "Authorized redirect URIs" katika Google Cloud Console. Kama iliyoletwa ni sahihi na ya kwenye orodha ndiyo imekosewa, rekebisha orodha. Kisha subiri. Google wenyewe wanasema mabadiliko huchukua kuanzia dakika 5 hadi saa kadhaa kuanza kufanya kazi. Hapa watu wengi wanapotea: wamerekebisha vizuri, wamejaribu baada ya sekunde kumi, imekataa, wakaharibu tena.

Lakini kama anwani iliyoletwa inaanza na http bila "s" ilhali tovuti yenu ina cheti na kufuli linaonekana kwenye brauza, usikimbilie kwenye orodha ya Google. Hata ukitaka kuiandikisha hivyo itakataliwa, kwa kuwa http tupu inakubaliwa kwa localhost tu, yaani kompyuta unayofanyia majaribio. Shida iko kwenye seva yenu, na inafaa tuieleze taratibu kwa sababu ndiyo inayowasumbua wengi wanaojiendeshea tovuti.

Kwenye seva nyingi, anayepokea wageni mlangoni si programu yenyewe. Ni programu nyingine, kama Nginx, inayoshika cheti cha usalama, inamkaribisha mgeni kwa https, halafu inampitisha ndani kwa http ya kawaida. Programu yenu iliyo ndani inaona http, inadhani tovuti nzima ni http, na inaiandika hivyo kwenye anwani ya kurudi. Haidanganyi, inasema ilichoona. Dawa ni bawabu apeleke taarifa ndani kwamba mgeni alikuja kwa https, kupitia kichwa cha ombi kinachoitwa X-Forwarded-Proto, na programu nayo iambiwe imwamini bawabu huyo. Kwenye Discourse kuna mpangilio wa force_https, uwashe. Kwenye Nextcloud, ndani ya faili la config.php, kuna overwriteprotocol, ambayo inapaswa kuwa https. Kwenye WordPress, anza na mipangilio ya jumla: anwani mbili zilizo pale zianze na https, na zikubaliane kuhusu "www", ama zote ziwe nayo ama zote zisiwe nayo.

Tahadhari moja. Wakati mwingine fundi aliyechoka huongeza kwenye orodha kila anwani anayoweza kufikiria, pamoja na ya seva ya zamani na jina la majaribio alilopewa na kampuni ya kukodisha seva. Kitufe kinafanya kazi na kila mtu anashukuru. Lakini kila anwani iliyo kwenye orodha ni mlango ambao Google itaruhusu misimbo ipitie. Kama mliwahi kuwa na jina lingine la .co.ke na hamkulilipia tena, mtu mwingine anaweza kulisajili kihalali kesho. Futa kwenye orodha anwani zote ambazo si zenu tena.

"Error 401: invalid_client", na siri iliyokosewa

Ukiona "invalid_client" ukiwa bado kwa Google, kitambulisho cha programu yenu, kile kinachoandikwa Client ID, hakijulikani. Ama kimenakiliwa nusu, ama kilifutwa. Kikiwa kimefutwa, huenda ukaona "deleted_client". Client ID ya Google huishia na apps.googleusercontent.com, kama yako haina mkia huo, uliibandika nusu.

Siri, yaani Client secret, ni tofauti. Ikikosewa, mwanachama atapita kwa Google bila shida yoyote, atarudi kwenye tovuti, na hapo ndipo atakutana na hitilafu, kwa sababu siri inatumika kwenye yale mazungumzo ya seva kwa seva. Sababu ya kawaida ni nafasi tupu iliyoingia mwanzoni au mwishoni wakati wa kunakili, hasa ukinakili kutoka WhatsApp. Na hapo tuseme wazi: siri hiyo haikupaswa kupita WhatsApp. Kama imewahi kutumwa kwenye kundi, hata kama ujumbe ulifutwa baadaye, tengeneza mpya na uzime ile ya zamani. Ni kazi ya dakika chache.

"Error 403: access_denied"

Dalili yake ni rahisi: wewe unaingia, mwenyekiti anaingia, wanachama wengine wote wanakataliwa. Google inaweka kila programu mpya katika hali ya majaribio, na humo wanaingia tu wale ambao barua pepe zao umeziandika kwenye orodha ya wajaribu, wasiozidi 100. Nenda kwenye ukurasa wa Audience, ambao zamani ulikuwa sehemu ya "OAuth consent screen", uitoe programu kwenye Testing uiweke In production. Kama mnaomba jina, barua pepe na picha tu, kwa kawaida hakuna ukaguzi mrefu. Kama tovuti yenu inaomba kusoma Gmail au Drive ya mwanachama, jiulizeni kwanza mnataka nini humo. Chama hakihitaji kusoma barua za mtu ili kujua kama amelipa.

Ukiona "org_internal", programu imewekwa kwa ajili ya watu wa shirika moja pekee. Inatokea pale ilipotengenezwa kwa akaunti ya kazini ya mmoja wenu. Hapo tatizo si mpangilio tu, ni umiliki, na tutafika huko.

Facebook ina mtindo uo huo kwa majina tofauti. "URL Blocked" ni ndugu ya redirect_uri_mismatch: tafuta "Valid OAuth Redirect URIs" ulinganishe kama tulivyoeleza. Na programu ikiwa bado katika hali ya Development, anaingia tu mwenye cheo ndani yake.

Umerudi nyumbani, bado inakataa

Hapa jumbe zinategemea programu: "invalid state", "csrf_detected", "invalid_grant", au ukurasa mweupe tu. Fungua logi za seva. Ukurasa unaoonyeshwa wageni hufichwa mengi makusudi, na logi ndizo zenye habari kamili.

Malalamiko ya state au csrf karibu kila mara yanahusu kuki, ile kumbukumbu ndogo ambayo tovuti inaiweka kwenye brauza. Mwanachama anapoondoka, tovuti inamwekea alama kwenye kuki. Anaporudi inauliza, ni wewe niliyekutuma? Akiwa aliondokea www.chamachenu.or.ke na amerudishwa chamachenu.or.ke bila "www", ile kuki inaweza kuwa imebaki upande wa pili. Chagueni jina moja, na lile lingine liwe linampeleka mtu kwenye lililochaguliwa moja kwa moja. Wakati mwingine ni jambo dogo zaidi: mtu ameacha ukurasa wa kuingia wazi tangu jana, au amebonyeza mara mbili kwa sababu mtandao unavuta, na msimbo umejaribiwa mara ya pili. Hiyo ni tokeni ya stima iliyotumika. Aanze upya.

Halafu kuna saa. Hii ina mtego wa kwetu hapa. Seva nyingi za kukodi huja zikiwa kwenye saa ya UTC, ambayo iko nyuma ya Nairobi kwa saa 3. Msimamizi anaingia saa sita mchana, anaona seva inasema 09:00, anasema "kumbe saa imekosea", anaisogeza kwa mkono hadi 12:00. Sasa seva ambayo ilikuwa sahihi inaamini kwamba ni 12:00 kwa UTC, yaani iko mbele kwa saa 3 nzima. Tokeni ya utambulisho ya Google inaishi saa 1. Ikifika kwenye seva hiyo, seva inaiangalia na kuona imekwisha muda saa 2 zilizopita. Kila mwanachama anakataliwa, na hakuna ukurasa wowote wa Google utakaokuambia kwa nini.

Kwenye seva ya Linux andika timedatectl. Utaona saa, eneo, na kama saa inalinganishwa na mtandao. Usisogeze saa kwa mkono. Kama unataka kuona saa ya hapa, badilisha eneo liwe Africa/Nairobi, na uache ulinganishaji ukiwa umewashwa.

Dawa ambazo ni sumu

Ukitafuta msaada mtandaoni utapata mtu anayesema: zima ukaguzi wa state, zima ukaguzi wa cheti, kubali barua pepe yoyote. Na kweli, hitilafu itapotea. Tueleze kila moja inafungua nini.

Ukizima ukaguzi wa state, mtu anaweza kumtumia mwanachama kiungo kinachomwingiza kwenye akaunti ya mtu mwingine bila yeye kujua, au kinachounganisha akaunti yake ya chama na Google ya mwizi. Ukizima ukaguzi wa cheti, seva yenu haitajua kama inazungumza na Google kweli au na mtu aliyejiweka katikati. Siri ya programu inapita hapo.

Lile la barua pepe ndilo linalotutia wasiwasi zaidi. Programu nyingi zina mpangilio wa kuunganisha akaunti kwa barua pepe: akija mtu wa Google mwenye barua pepe ya mweka hazina, basi ndiye mweka hazina. Kwa Gmail iliyothibitishwa, sawa. Lakini mkiongeza mlango mwingine ambao hauthibitishi barua pepe za watu wake, yeyote anaweza kufungua akaunti kule kwa barua pepe ya mweka hazina wenu, abonyeze kitufe, aingie akiwa na mamlaka yote: kubadilisha namba ya simu ya kulipia mikopo, kufuta deni, kupakua vitambulisho vya wanachama. Katika OpenID Connect kuna taarifa inayoitwa email_verified. Programu yenu inapaswa kuikagua. Na kwa mtu ambaye ameshaandikishwa, kinachofaa kutumika kumtambua ni sub, namba ya kudumu ya akaunti yake, kwa kuwa barua pepe inaweza kubadilishwa.

Rekodi hizo zikivuja, si aibu ya chama tu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayehifadhi data amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue, pale ambapo kuna hatari ya kweli kwa wenye data hiyo.

Mlango huu ni wa nani?

Uliza leo kabla mambo hayajaharibika: ile programu kwenye Google Cloud iko kwenye akaunti ya nani? Mara nyingi ni Gmail ya kijana aliyetengeneza tovuti. Akipata kazi Mombasa, akabadilisha simu, akaacha kujibu, hamwezi kubadilisha hata herufi moja. Fungueni akaunti ya chama, iwe mmiliki, na watu wawili wenye vyeo wawe na ruhusa ya kuiingia kwa uthibitisho wa hatua mbili. Fundi apewe ruhusa yake mwenyewe, inayoweza kuondolewa, asipewe nenosiri la chama.

Pia msiue njia ya kawaida ya kuingia kwa msimamizi. Abaki na nenosiri refu na hatua ya pili ya uthibitisho, ili Google ikigoma kuwe na anayeweza kuingia kurekebisha. Discourse ina ukurasa wa /u/admin-login unaomtumia msimamizi kiungo kwa barua pepe. Jaribuni njia hiyo siku ya amani, si siku ya dharura.

Mkihama jina, kumbukeni upande wa malipo

Chama kikibadilisha jina la tovuti, au kikihamia https, watu hukumbuka kitufe cha kuingia kwa sababu kinapiga kelele. Upande wa malipo hukaa kimya. Kama tovuti yenu hupokea taarifa za malipo moja kwa moja, mliandikisha anwani ya kupokelea taarifa hizo. Ikibaki ile ya zamani, pesa zitaingia kama kawaida kwenye paybill au till, mwanachama atapata SMS yake, lakini tovuti haitaweka tiki. Wiki mbili baadaye mnaanza kushukiana. Kwa hivyo siku mnayobadilisha anwani kwa Google, badilisheni na ya malipo, kisha mtu mmoja alipe shilingi 10 mkiangalia kama tiki inatokea.

Isipotokea, tuandikie. Tuambie namba ya paybill au till, msimbo wa muamala ulio kwenye SMS, saa ya malipo, na anwani mpya ya kupokelea taarifa. Yaliyo kwenye akaunti yenu ya Google sisi hatuyaoni, kwa hivyo usitutumie Client secret. PIN pia usitume, hata mhudumu wetu akiiomba; akiiomba, huyo si wetu, kata simu na uturipotie namba yake.